Mpishi wa Mambo ya Kale

Alikozaliwa sikujui. Nilimuuliza mara tatu nikapewa vijiji vitatu: kimoja upande wa Masasi, kimoja ng'ambo ya Ruvuma, na kimoja ambacho hata watu wa ofisi ya ardhi hawajapata kukisikia. Nikaacha kuuliza. Kwa hiyo habari za ukoo wake zitafuteni kwingine. Mimi nitaanza jikoni, kwa sababu ndiko nilikomkuta, na ndiko alikonicheka kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa nimepangiwa kazi Newala, mwalimu mgeni wa Historia kutoka Kondoa, nina daftari jipya la kuandikia mila za wenyeji. Siku ya pili nikaingia jiko la shule. Alikuwa anasonga ugali wa wanafunzi mia nne, mwanamke mfupi, mnene wa mikono, kanga mbili kiunoni na jasho limemfika kidevuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye moshi."

Nikamuuliza, kwa adabu zote, kama angependa kunieleza watu wa kwao wana miiko gani. Kisha akauinua ule mwiko wake, mrefu kama kasia, ugali ukidondoka.

"Mimi ninao huu mmoja tu," alisema. "Mwingine ulivunjika mwaka jana."

Wanawake wawili waliokuwa wakichambua mbaazi waligeukia ukutani ili wasinicheke usoni. Mabega yao niliyaona.

Sote tulimwita Mpishi. Alikuwa na mtoto, na huku kwetu mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto wake, lakini alikataa. "Mwanangu jina lake bado analitumia mwenyewe," alisema. Mkuu wa shule alimwita Mpishi, wanafunzi walimwita Mama Mpishi, na shehe wa msikiti wa jirani alimwita "yule mwizi wa ndimu," kwa sababu hakuna mtu Newala asiyejua ndimu za msikiti zilikuwa zinakwenda wapi. Alikuwa haachi swala hata moja. Akishamaliza kuswali hutoka kwa kupitia nyuma, penye mndimu. Shehe alipomkabili alimjibu kwamba ndimu zimetolewa wakfu kwa ajili ya Waislamu, naye ni Mwislamu, sasa tatizo liko wapi?

Mkuu wa shule hakumwogopa. Afisa elimu hakumwogopa. Alichoogopa ni chura. Akimwona chura hupanda juu ya meza. Aliwahi kuniambia kwamba watu wengine wanalalamikia ukame wa Newala, lakini yeye anamshukuru Mungu kila siku, kwa sababu pasipo na maji hapakai chura.

Sasa niseme na mimi nilikuwa nani. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na sita na nilikuwa natafuta kitu ambacho nikiulizwa ni kitu gani nashindwa kukitaja. Baba yangu alifariki mwaka mmoja kabla sijaajiriwa. Nilikuwa nimefaulu kila mtihani aliotaka nifaulu, na sasa hapakuwa na mtu wa kumwonyesha matokeo. Jioni nilikuwa nakaa chumbani nikisikiliza kwenye simu wanaume waliovaa suti za kubana wakinifundisha kuishi. Waliniambia niandike malengo. Niliandika. Waliniambia nijitazame kwenye kioo niseme "ninatosha." Nilisema, lakini yule wa kwenye kioo hakuonekana kuniamini.

Nikaanza kwenda jikoni saa za mapumziko. Mpishi hakuniuliza nina shida gani. Siku ya kwanza alinisogezea ungo wa maharage na kusema, "Toa mawe." Nikatoa mawe. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki mbili nzima nilichambua maharage nikiamini ananilea kimyakimya, kama wazee wa zamani walivyowalea wanafunzi wao. Usiku niliandika kwenye daftari langu kwamba kuchambua maharage ni kuchambua nafsi. Kwamba kila jiwe ni majuto. Niliandika kurasa sita.

Mwisho nikajikaza nikamuuliza: "Mama, hili somo la maharage litaisha lini?"

"Somo gani?"

"Hili unalonifundisha."

Alinitazama kwa muda mrefu, uso umejaa huruma.

"Mwanangu," alisema, "yule binti wa kuchambua amejifungua. Sina mtu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukitafuta hekima kwake atakupa ungo, na ukishazoea ungo atakuuliza kwa nini huendi kufundisha. Lakini nisidanganye: zile wiki mbili nililala vizuri.

Mwaka wa pili shule ilileta mtaalamu wa hamasa kutoka mjini. Alisimama mbele ya mstari wa asubuhi, kipaza sauti mkononi, akawaamuru wanafunzi wafumbe macho na kupiga kelele, "Mimi ni simba!" Wakapiga. Akasema hajasikia. Wakapiga tena, mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Mpishi alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga.

"Samahani, mwanangu, naomba kuuliza. Hawa wote ni simba?"

"Wote, mama!"

"Mia nne?"

"Mia nne!"

"Basi ungeniambia mapema," alisema, "maana mimi nimeinjika maharage."

Mtaalamu aliendelea, lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza tena. Mchana ule wanafunzi walipanga foleni ya chakula wakinguruma, na Mpishi akawapakulia mmoja mmoja kwa heshima zote: "Chukua, simba. Usisukumane, simba. Wewe simba, hiyo ni sahani ya mwenzako."

Wenyeji wa uwanda huu wana hadithi ya asili yao, na kila mtu huku anaijua. Zamani alikuwepo porini kiumbe mmoja, hajaoga, hajachana nywele, hana mwenzake. Akachonga gogo likawa mfano wa mwanamke, akalisimamisha nje ya banda lake. Kulipokucha gogo limekuwa mtu. Wakaoana. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa chini bondeni, karibu na mto, akafa. Wakahamia juu kidogo, wa pili akafa. Wakapanda mpaka juu kabisa, kwenye vichaka na ukavu, na wa tatu akaishi. Ndiyo maana watu wako huku juu, na maji yako kule chini.

Mpishi aliisimulia hadithi hiyo kila mara tofauti, kulingana na aliyekuwa mbele yake. Kwa wasichana wa kidato cha kwanza, yule mwanamke wa mti alipofumbua macho na kumwona aliyemchonga, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kaoge." Kwa mhandisi aliyekuja kukagua pampu ya shule, pampu ambayo wakati huo ilikuwa imelala miezi mitano, mwanamke wa mti aliuliza, "Maji yako wapi?" na yule mwanamume akajibu, "Mkandarasi yuko njiani." Mhandisi alikunywa chai yake haraka akaondoka. Na mimi, aliponiona nimerudi kutoka kikao cha walimu na hasira, alinisimulia kwamba watu wameigeuza tu: aliyekuwa peke yake porini ni mwanamke, na aliyechongwa ni mwanamume. Alichonga kichwa, akachonga kifua, akachonga miguu. Alipofika kwenye masikio mvua ikanyesha, akakimbilia ndani. Hakurudi kuyamalizia.

Nilicheka mpaka nikasahau kikao. Halafu mwalimu wa Historia ndani yangu akaamka.

"Sasa, mama, ya kweli ni ipi?"

Alikuwa anakata kitunguu. "Watoto wawili walikufa," alisema. "Hapo sijawahi kubadilisha. Kwingine kote ni viungo."

Sikumwelewa. Niliandika neno "viungo" kwenye daftari nikalipigia mstari.

Kuna hadithi moja iliyonitia aibu mbele ya mji mzima. Yalikuwa yanakaribia maonyesho ya utamaduni ya wilaya, na nilitaka darasa langu liigize kitu cha kale, kitu ambacho hakijaandikwa popote. Nikamwomba Mpishi. Akafikiri muda wa kukoroga sufuria mara tatu, akanipa hadithi ya Wingu.

Zamani, alisema, mwanamume mmoja wa Newala alimwoa Wingu. Wingu alikuwa mwanamke wa kulialia. Akikosewa kidogo analia, akikumbuka kwao analia, na watu wakimwona wanakimbilia ndoo. Miaka hiyo Newala ilikuwa na maji tele. Lakini yule mume alimpenda mkewe, na hakupenda kumwona akilia. Akajifunza kumchekesha. Akaweza. Machozi yakakauka, na visima navyo vikakauka. Wazee wakamwendea wakamsihi: mkere mkeo, mnunie, mtukane hata kidogo, tunakufa kiu. Akajaribu. Alisimama mlangoni na kumwambia mkewe kwamba mboga ina chumvi nyingi. Wingu akamtazama, akacheka. Yeye naye akacheka. Basi mpaka leo tunabeba madumu, kwa sababu ya ndoa moja isiyo na ugomvi.

Niliona nimeokota dhahabu. Tulifanya mazoezi mwezi mzima. Siku ya maonyesho wazee wa mji walikaa viti vya mbele, kofia zao zimenyooka. Wanafunzi waliigiza vizuri sana. Walipomaliza, mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hongera. Hii hadithi ni ya watu gani?"

"Ni yenu, mzee wangu. Ya watu wa hapa."

Wazee wakatazamana. Kicheko kilianzia kiti cha mwisho kikasogea kiti kwa kiti, mpaka mzee mmoja akavua kofia yake ajifunike uso. "Mimi nimezaliwa hapa na nimezeekea hapa," alisema yule wa kwanza alipopata pumzi, "na leo ndiyo mara ya kwanza kuisikia." Halafu akaongeza: "Lakini waambie waianze tena. Kule mwanzo nilikuwa sijakaa vizuri."

Nilikwenda moja kwa moja jikoni, na viatu vyangu vya sherehe.

"Umeitunga!"

"Si uliomba hadithi?"

"Niliomba ya kale, mama! Ya kale!"

"Basi subiri," alisema. "Itakuwa ya kale. Wewe una haraka gani?"

Siku tatu sikumsalimia ila kwa lazima. Lakini niseme yaliyotokea baadaye. Miaka kadhaa ikapita, nikawa nasubiri usafiri stendi ya Masasi, na mama mmoja muuza korosho alikuwa anambembeleza mwanawe mdogo. Nikamsikia anamwambia habari za mwanamume aliyemwoa Wingu. Nikamuuliza ameitoa wapi. "Hii?" alisema, akinishangaa. "Hii ni ya bibi zetu."

Jambo jingine lililonishinda ni kusoma. Mpishi alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, dereva wa malori, na ujumbe wake ulipoingia kwenye simu alikuwa anampa mwalimu yeyote aliyekuwa karibu amsomee. "Macho haya," anasema, "na shule sikufika." Kijana huyo alikuwa na maneno machache kama mtu anayelipia kila herufi. *Mama niko salama. Kazi nyingi.* Ndiyo yamekwisha. Mimi nilikuwa namwonea huruma. Nikawa nasoma: "Mama, niko salama, kazi nyingi, lakini nakukumbuka sana, hasa nikisikia harufu ya mbaazi." Uso wake ulikuwa unatulia, nami nikajiona nimefanya jambo jema.

Siku moja niliingia stoo bila kubisha. Mpishi alikuwa amekaa juu ya gunia, miwani puani, anasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa ndimu. Midomo yake haikuwa ikichezacheza hata kidogo. Alikuwa anasoma kwa kasi kuliko mimi.

"Mama! Unajua kusoma?"

"Tangu zamani."

"Sasa kwa nini…"

"Mtu akikusomea barua yako," alisema, akiivua miwani bila haraka, "unamsoma na yeye. Yule mwalimu wa Hesabu anaruka salamu, anataka aende zake. Mkuu wa shule anasoma kwa sauti ya kutangaza msiba. Wewe unaongeza."

Nilitamani ardhi ipasuke. "Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Ile ya harufu ya mbaazi ulitunga vizuri. Ile ya wiki iliyopita, ya kwamba ameniota, haikukaa sawa. Mwanangu haoti."

Nadhani hapo ndipo aliponikubali, japo hakuwahi kusema neno kama hilo. Nami ndipo nilipoacha kusikiliza wale watu wa suti. Sikuamua kuwaacha, ila siku moja niliangalia nikakuta mwezi umepita.

Hata hivyo, hadithi zake si zote zilizoishia kwenye kicheko, na lazima nisimulie na hii.

Kidato cha pili alikuwepo msichana aliyefiwa na mama yake katikati ya muhula. Alirudi bwenini baada ya msiba akiwa mkimya. Ukimwita anaitika "abee," basi, hakuna jingine. Walimu tulimshauri, matroni alimwombea, hakuna kilichobadilika. Zamu yake ya kusaidia jikoni ilipofika, Mpishi aliwasimulia wasichana wa zamu kwamba chini kabisa ya mteremko, kule ambako ukingo wa uwanda unakatika na kutazama bonde la Ruvuma, kuna chemchemi. Mtu akiteremka bila kula na bila kusema na mtu, akanawa uso, hata awe na swali gumu namna gani, hujibiwa.

Jumamosi asubuhi yule msichana hakuonekana kwenye uji. Rafiki yake alipobanwa alisema, "Amekwenda kuuliza."

Mpishi alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria kubwa. Aliuachia ukaanguka sakafuni ukizunguka, na ulipokuwa bado unalia yeye alishafika getini. Nikamfuata.

Njia ya kuteremka ni ya miguu, mawe na mizizi, na wanawake wanapandisha maji vichwani. Kila tuliyekutana naye tulimuuliza. Wa kwanza hakumwona. Wa pili alimwona: msichana wa sare, aliyeamkiwa asiitikie. Mpishi alikuwa anahema kama mvukuto, lakini hakupumzika. Mimi nilikuwa nimejaa hasira na woga.

"Mama, hiyo chemchemi ipo kweli?"

"Ipo. Hao wote wametoka huko."

"Na majibu?"

"Majibu nimetia mimi."

"Mtoto ana huzuni vile, unamwambia ashuke peke yake, hajala! Akianguka? Ungemwua, mama."

"Najua," alisema. Akateleza, nikamshika mkono, akasimama. Hapo ndipo aliponiambia, huku akitazama chini kwenye mawe, kwamba alizaa watatu. Wawili aliwazika, na alipomzika wa pili aliteremka njia hii hii na ndoo, akafika majini, akakaa. Hakuona sababu ya kupanda tena. Alikaa tu, jua likamchoma.

"Kisha?"

"Kisha akaja mwanamke mmoja, simjui hata leo, akaniambia, 'Dada, umekalia njia, tunataka kuchota.' Nikaona aibu. Nikanyanyuka. Na kwa kuwa nimeshanyanyuka, nikapanda." Akajifuta uso. "Sasa nitawaambiaje watoto wa watu kwamba niliokolewa na foleni? Nikaipamba."

Tulimkuta. Alikuwa amekaa juu ya jiwe kati ya wanawake wanaofua, sketi ya shule imelowa, anamshikia mama mmoja dumu lijae. Alipomwona Mpishi alisimama kwa adabu, kama yuko darasani.

"Shikamoo, Mama Mpishi. Nimejibiwa."

Mpishi hakuitikia hata ile shikamoo. Aliweza kusema tu, "Umeambiwa nini?"

Msichana alifikiri. "Nimenawa, nikauliza mama yuko wapi. Nikasubiri sana. Kisha nikasikia nina njaa."

Mpishi alicheka. Alicheka hadi akakaa kwenye tope, na hapo kicheko kikageuka, akalia kwa sauti, mbele ya watu, mwanamke ambaye sijawahi kumwona hata jicho likimlengalenga. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini aliyokuwa akija nayo kazini kila siku kwa sababu hakupenda kula ugali wake mwenyewe. Msichana alikula yote. Kupanda kulituchukua mpaka adhuhuri, na yule ambaye kwa wiki tano hakusema kitu alilalamika njia nzima: mlima mrefu, viatu vinabana, kwa nini shule haina gari.

Mkuu wa shule alimpa Mpishi barua ya onyo. Alinipa nimsomee. Niliisoma ilivyo, bila kuongeza.

Barua haikumuumiza kama alivyojiumiza mwenyewe. Alinyamaza muhula mzima. Chakula kilikuwa kile kile, lakini foleni ilikuwa kimya, na mimi niligundua kwamba ninaingia jikoni na kutoka bila kujua nilichofuata. Wiki hizo ndizo nilizompigia mama yangu simu na kumuuliza, kwa mara ya kwanza tangu msiba, baba alikuwa mtu gani kabla sijazaliwa. Tulikuwa tumezoea kuulizana afya na mvua. Mama akanisimulia jinsi baba alivyokimbizwa na bata mzinga siku ya posa, akaingia ukweni kwa kupitia dirishani. Tulicheka mpaka salio likakata.

Aliyemfungua Mpishi mdomo ni yule yule msichana. Alikuja dirishani na sahani yake mchana mmoja.

"Mama, ugali wa siku hizi hauna kitu."

"Ugali hautiwi chumvi."

"Sijasema chumvi."

Mpishi alimwangalia. Sisi wengine tuliacha kutafuna. "Zamani," alisema polepole, "kulikuwa na mwanafunzi mmoja mlalamishi…" Na foleni nzima ikapiga makofi. Tangu siku hiyo, kila hadithi aliimalizia hivi: "Na huko pote hakuendeki, barabara mbovu, msiende."

Alistaafu, akahamia Chiwata kwa mdogo wake wa kike. Mimi nikahamishiwa Masasi, nikaolewa, nikazaa. Tuliagizana salamu. Mwaka huu, msimu wa korosho ulipoanza, niliambiwa amekuwa akiumwa na macho yanamwacha. Nikapanda bodaboda kwenda kumwona. Njiani nilikuwa napanga maneno ya shukrani. Nilikuwa nimeyaandika kabisa, nimeyarudia mara nyingi, kwa sababu nilijua hapendi kushukuriwa na sitapata nafasi mbili.

Nilimkuta nje, mkekani, na wanawake watatu wa jirani wanabangua korosho, vidole vimekuwa vyeusi kwa maji ya maganda. Amekonda. Macho yamefunikwa na utando kama wa maziwa. Pembeni amesimama bwana shamba, kijana mpya aliyetoka mikoa ya kaskazini, kofia ya pikipiki mkononi. Inaonekana alikuja kuuliza habari za dawa ya mikorosho na sasa hakumbuki tena. Mpishi alikuwa katikati ya hadithi.

"Basi huyo mwalimu akatoka kwao, nchi ya mbali, kavu kuliko hii. Alikuwa anatafuta kitu. Ukimuuliza ni nini, hajui. Akafika Masasi, basi likaharibika. Ningekuwa mimi ningelala pale pale. Yeye akaingia porini, akamkamata fisi, akampanda. Kapanda fisi mpaka Newala, nywele zinapepea."

Nilisogea taratibu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," aliitikia bila kugeuka, bila hata kuvuta pumzi. "Huyo amefika. Kama mnadhani nasema uongo, muulizeni mwenyewe."

Wote wakanigeukia. Bwana shamba aliniangalia mimi, akamwangalia Mpishi, akaniangalia tena. Alikuwa na uso ambao niliufahamu, uso wa mtu anayekaa chumbani jioni na simu.

"Mwalimu," alisema, "samahani. Ni kweli ulikuja umepanda fisi?"

Nilikuja kwa basi. Nilikaa kiti cha dirishani, nikatapika mara tatu kati ya Masasi na Newala, na kilichokuwa kichwani mwangu ni kurudi kwetu. Nilikuwa na maneno yangu ya shukrani kwenye mkoba, yamekunjwa.

"Si fisi mmoja," nilisema. "Walikuwa wawili. Mmoja wangu, mmoja wa mizigo."

Wanawake waliangua kicheko, korosho zikamwagika. Mpishi hakucheka. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anayeonja mchuzi. Kisha akajisogeza, akapapasa mkeka kando yake.

"Kaa hapa," alisema. "Kisha yule wa mizigo akawaje?"